Kizibao Hakimfanyi Mbwa Kuwa Msaidizi

Nchini Marekani, mtu asiyeona anaweza kuingia mgahawani, dukani, hospitalini au katika meli ya kitalii akiwa ameongozana na mbwa wake, na mlinzi wa mlangoni haruhusiwi kumdai cheti cha mbwa huyo. Sheria iliweka hivyo kwa makusudi. Mtu anayeona hatakiwi kuonyesha hati yoyote ili anunue mkate. Si haki basi kumtaka asiyeona afanye hivyo kila anapofika mlangoni.

Mlango huo uliofunguliwa kwa ajili ya wenye haja sasa unapitiwa pia na wasio na haja. Mtandaoni huuzwa vizibao vyenye maandishi ya kumtambulisha mbwa msaidizi, beji, vitambulisho vyenye picha ya mbwa, na vyeti vilivyopigwa mhuri wa kung'aa. Muuzaji hahitaji kujua kama mnunuzi ana ulemavu, wala mbwa hapimwi kama amefunzwa jambo lolote. Kifurushi kinapofika nyumbani, mbwa ambaye jana alikuwa akiwabwekea wapita njia leo anapelekwa sokoni, hotelini na melini kwa jina la mbwa msaidizi.

Wengi wafanyao hivyo huona ni ujanja usiomdhuru mtu. Wanampenda mbwa wao, hawataki kumwacha peke yake, wala hawataki kulipa gharama za kumlaza kwa mtunzaji. Makala haya yanaeleza kwa nini ujanja huo una majeruhi, ni nani hasa anayeumizwa, na kwa nini jambo linalotokea Miami au New York linamhusu pia mhudumu wa afya wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ambaye mara kwa mara huombwa kutia saini yake kwenye barua ya mtu mwingine.

Kinachomtofautisha ni kazi

Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 1990. Kwa mujibu wa kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011, mbwa msaidizi ni mbwa aliyefunzwa kufanya kazi mahususi kwa manufaa ya mtu mwenye ulemavu, na kazi hiyo sharti ihusiane moja kwa moja na ulemavu wenyewe. Ulemavu huo unaweza kuwa wa mwili, wa hisi, wa akili au utokanao na maradhi ya akili. Wanyama wengine hawahesabiwi, isipokuwa farasi wa umbo dogo ambao wamewekewa kifungu chao peke yao.

Kazi hizo ni za aina nyingi. Mbwa humwongoza asiyeona barabarani. Humgusa kiziwi anapolia mtoto au inapogongwa hodi. Humwokotea vitu mtu wa kiti cha magurudumu na kumfungulia mlango. Hukaa karibu na mgonjwa wa kifafa anapoanguka, au hutafuta mtu wa kusaidia. Humwamsha kwa kumgusa askari mstaafu anayesumbuliwa na jinamizi la vita, kisha akamwashia taa. Humkumbusha mwenye maradhi ya akili wakati wa kumeza dawa, au humzuia asijijeruhi.

Hapa ndipo penye mpaka ambao watu wengi huuvuka bila kuujua. Mbwa anayempa mtu utulivu kwa kuwapo tu si mbwa msaidizi kwa sheria hiyo. Huyo huitwa mnyama wa faraja. Mbwa aliyefunzwa kutambua kwamba hofu kali inakaribia kumshika bwana wake, akachukua hatua mahususi ya kuizuia au kuipunguza, huyo ni msaidizi. Faraja haidharauliwi. Mtu mpweke hupata nafuu ya kweli anapokaa na mnyama ampendaye. Lakini faraja peke yake haimpi mbwa ruhusa ya kuingia mgahawani, kwa kuwa hakuna mafunzo yanayowahakikishia wengine kwamba atatulia humo.

Kazi ina sifa moja ambayo maneno hayana: inaweza kupimwa. Wasomaji wa Tanzania wana mfano wa karibu mjini Morogoro, ambako shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya hao hawaaminiwi kwa sababu wamevikwa mikanda ya kazini. Hupimwa kwanza kwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, na hata baada ya kufuzu, sampuli wanayoitilia shaka huchunguzwa tena maabara kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Nishani hiyo ilifuata mabomu aliyoyagundua.

Mbwa wasaidizi nao wamepimwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol uliochapishwa mwaka 2019 uliwachunguza mbwa 27 waliofunzwa kuwaonya wagonjwa wa kisukari sukari inapopanda au kushuka. Kwa wastani mbwa hao walitoa onyo katika matukio 83 kati ya kila 100 ya sukari kushuka, ingawa uwezo wa mbwa mmoja na mwingine ulitofautiana. Matokeo hayo yana mafunzo mawili kwa mgonjwa. Kwanza, mbwa aliyefunzwa vema ni msaada wa kweli. Pili, hata yeye hukosea, hivyo mashine ya kupimia sukari haiwekwi kabatini kwa sababu yupo mbwa. Ikiwa aliyefunzwa na kupimwa ana upungufu, asiyefunzwa kamwe hawezi kuitwa kinga ya mgonjwa.

Imani iliyochukua miaka kujengwa

Milango ya Marekani haikufunguka kwa siku moja. Mwaka 1927, Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akifunza mbwa nchini Uswisi, alichapisha makala gazetini kuhusu mbwa wa Ujerumani waliowaongoza askari waliopofushwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Habari hizo zilimfikia Morris Frank, kijana asiyeona wa Nashville, Tennessee. Alisafiri hadi Uswisi mwaka 1928, akajifunza kutembea na mbwa aliyeitwa Buddy, akarejea New York na kuvuka naye mojawapo ya barabara zenye msongamano mkubwa huku waandishi wa habari wakishuhudia. Mwaka uliofuata shule ya The Seeing Eye ilianzishwa ili wengine nao wapate mbwa viongozi.

Haki ya kupita mlangoni ilidaiwa kidogo kidogo. Frank na wenzake walilazimika kujieleza hotelini, mgahawani na katika treni. Kufikia mwaka 1935 kampuni zote za reli za Marekani zilikuwa zimekubali mbwa kiongozi asafiri pamoja na bwana wake behewani, na kufikia mwaka 1956 kila jimbo lilikuwa na sheria ya kumruhusu asiyeona kuingia na mbwa wake mahali pa watu wote.

Kilichowashawishi wenye hoteli na treni hakikuwa huruma tu. Walimwona mbwa akilala kimya chini ya meza saa nzima, asinuse sahani ya mtu, asimbwekee mtoto. Walimwona akisimama ukingoni mwa barabara na kukataa kusonga mbele, hata bwana wake akimwamuru, kwa sababu gari linakuja. Kila mbwa aliyetulia alimfungulia mlango mbwa wa baadaye. Mtaji huo wa imani ulikusanywa na watu wasioona kwa karibu miaka 30 kabla sheria haijakamilika, na ndio mtaji unaotumiwa leo na mtu aliyenunua kizibao mtandaoni.

Maswali mawili tu

Sheria humruhusu mfanyakazi wa duka au hoteli kuuliza maswali mawili pale ambapo haja ya mbwa haionekani wazi. Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefunzwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza mtu anaumwa nini, kudai cheti, wala kutaka mbwa aonyeshe kazi yake. Wizara ya Sheria ya Marekani imeeleza wazi kwamba hakuna daftari la taifa la mbwa wasaidizi, na kwamba vyeti vinavyouzwa mtandaoni havimpi mtu haki yoyote. Kizibao chenyewe si sharti. Mwenye ulemavu anaweza hata kumfunza mbwa wake mwenyewe.

Msomaji ataona mara moja udhaifu uliomo. Kwa kuwa cheti hakihitajiwi, mwenye cheti cha uongo huonekana kuwa na ushahidi kumzidi mwenye haki asiye na karatasi. Mfanyakazi mgeni wa kazi humpisha mwenye beji inayong'aa, kisha humsimamisha msichana mwenye kifafa ambaye mbwa wake hana nguo yoyote. Sheria iliyotungwa kumpunguzia mtu maswali humwongezea maswali kwa sababu ya waongo.

Hata hivyo sheria haikumwacha mwenye duka mikono mitupu. Mbwa asiyedhibitiwa na bwana wake, au anayejisaidia ndani, anaweza kutolewa nje, awe na kizibao au hana, awe msaidizi wa kweli au wa uongo. Anayetolewa ni mbwa; bwana wake sharti apewe nafasi ya kuhudumiwa bila mbwa huyo. Kigezo ni mwenendo, na mwenendo hauuzwi mtandaoni.

Majimbo kadhaa yameongeza adhabu. Katika Florida, tangu mwaka 2015, kumwita mbwa msaidizi ilhali siye ni kosa la jinai, na mkosaji hupewa pia saa 30 za kazi ya kujitolea katika asasi inayohudumia watu wenye ulemavu. Katika California adhabu inaweza kufika faini ya dola 1,000, kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Kesi kama hizo si rahisi kuzithibitisha, kwa sababu mwenye mlango amekatazwa kuchunguza ugonjwa wa mtu, na ni vizuri kwamba amekatazwa.

Kutoka angani hadi baharini

Kabla ya mwaka 2021, ndege za Marekani zilikuwa na utaratibu wao. Zilitakiwa kuwapokea pia wanyama wa faraja, mradi abiria awe na barua ya mtaalamu wa afya ya akili. Upenyo huo ulipanuka upesi. Januari 2018, katika uwanja wa Newark, shirika la United lilikataa kumpandisha tausi aliyeletwa na abiria kama mnyama wa faraja. Mwaka huo huo shirika la Delta lilieleza kwamba lilikuwa likisafirisha wanyama wasaidizi na wa faraja wapatao 700 kwa siku, na kwamba taarifa za wanyama kujisaidia ndani ya ndege, kuuma na visa vingine zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 84 tangu mwaka 2016.

Wizara ya Uchukuzi ilibadili kanuni, na kuanzia tarehe 11 Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumchukua mnyama wa faraja kama msaidizi. Anayesafiri na mbwa msaidizi anaweza kutakiwa kujaza fomu ya wizara inayoeleza afya, mafunzo na mwenendo wa mbwa, naye huonywa kwamba kusema uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai. Wenye ulemavu ambao hawakudanganya kamwe ndio waliorithi fomu hizo. Uongo wa wengine uliwarudishia mzigo wa makaratasi ambao wenzao walipigania miaka mingi kuutua.

Melini hali ni ya namna yake. Meli nyingi za kitalii zinazotia nanga Miami hupeperusha bendera za nchi nyingine, kama vile Bahama na Panama. Mwaka 2005, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu inazihusu meli hizo pia zinapokuwa katika maji ya Marekani, ingawa kwa mipaka fulani. Kampuni kubwa za meli huwapokea mbwa wasaidizi na kuwakataa wanyama wa nyumbani na wa faraja. Hapo ndipo mwenye kizibao cha kununua anapojaribu bahati yake.

Lakini meli si duka ambalo mtu huingia na kutoka kwa nusu saa. Mbwa hukaa humo siku 7 au zaidi, kati ya maelfu ya watu, katika ujia mwembamba, lifti zilizojaa na kumbi za chakula. Haruhusiwi kuachwa peke yake chumbani wala kuingia katika mabwawa ya kuogelea. Ili ajisaidie, kampuni ya Royal Caribbean, kwa mfano, humwekea kisanduku cha futi 4 kwa futi 4 kilichojazwa vipande vya maganda ya miti, nacho huweza kutumiwa na mbwa wengine pia. Mbwa aliyefunzwa hujisaidia hapo kwa amri. Mbwa aliyezoea majani ya bustani hushangaa, hujizuia kwa saa nyingi hadi akaumia, kisha humaliza haja yake kwenye zulia. Kelele za mitambo, mtikisiko wa mawimbi na wingi wa wageni humtia hofu, na mbwa mwenye hofu huuma.

Liko pia suala la bandari. Kila nchi ambako meli inatua ina masharti yake ya kuingiza mbwa, na visiwa visivyo na kichaa cha mbwa huwa vikali zaidi. Uingereza hutaka mbwa apewe dawa ya minyoo aina ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuwasili. Marekani yenyewe, tangu tarehe 1 Agosti 2024, hutaka kila mbwa anayeingia awe na umri usiopungua miezi 6, awe na kifaa kidogo cha utambulisho chini ya ngozi, na taarifa zake zijazwe katika fomu ya mamlaka ya kudhibiti magonjwa, CDC. Mbwa aliyekaa katika nchi yenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, Tanzania na Kenya zikiwamo, huwekewa masharti zaidi. Kizibao hakimwondolei mbwa sharti hata moja kati ya hayo.

Anayetaka kwa dhati kuvuka bahari na mbwa wake wa nyumbani anayo njia ya halali. Meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, inayosafiri kati ya Southampton na New York, ina vyumba maalumu vya mbwa na watu wa kuwatunza. Nafasi zake ni chache, lakini hakuna anayelazimika kusema uongo ili azipate.

Nani anaumia

Wa kwanza kuumia ni mbwa msaidizi wa kweli na mtu anayemtegemea. Mbwa kiongozi hutunzwa na kufunzwa kwa karibu miaka 2 tangu azaliwe, kwa gharama ya maelfu mengi ya dola. Akirukiwa na mbwa asiyefunzwa dukani au sitahani, hata kama kidonda ni kidogo, anaweza kuingiwa na woga wa mbwa wengine. Akiwa na woga huo, macho yake huacha kutazama njia na kuanza kutafuta adui. Mbwa wa namna hiyo huenda akastaafishwa, na bwana wake akarudia fimbo nyeupe au kushikwa mkono huku akisubiri mbwa mwingine. Kwa aliyemvisha mbwa wake kizibao, tukio hilo ni aibu ya dakika chache. Kwa asiyeona, ni miguu iliyokatwa.

Wa pili ni wenye ulemavu usioonekana. Mwenye kisukari, kifafa, uziwi au maradhi yatokanayo na kiwewe cha vita hana alama usoni. Kadiri udanganyifu unavyoenea, ndivyo anavyotazamwa kwa jicho la shaka. Hapa msomaji hana budi kuwa mwangalifu: si kila kijana mwenye afya njema machoni pa watu ni mwongo, na si kila mbwa asiye na kizibao ni wa bandia. Asiyejua ugonjwa wa mtu na amtazame mbwa. Mbwa wa kazi hukaa karibu na bwana wake, habweki ovyo, hanusi vyakula, hapandi vitini, wala hajipendekezi kwa wapita njia.

Wa tatu ni umma. Mwenye pumu au mzio wa manyoya, na mwenye hofu ya mbwa, hutakiwa na sheria kuvumilia uwepo wa mbwa msaidizi, kwa kuwa mzio na hofu si sababu za kumnyima mwenye ulemavu huduma. Mwenye mahali hutakiwa kuwapangia watu hao nafasi zilizo mbalimbali. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, nao pia wapo wanaoendesha teksi na kuhudumu hotelini ughaibuni. Haja ya kweli imekwisha kupewa nafasi katika dini: mwaka 2008 msikiti mmoja wa mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake kiongozi, akatengewa mahali pa kumpumzisha. Anayevumilia kwa ajili ya haja ya mwenzake amefanya wema. Anayevumilishwa kwa uongo amedhulumiwa, na safari nyingine huenda akamfungia mlango mwenye haja.

Tena kuna jeraha lenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Aliyeumwa, popote alipo na hata kama mbwa alikuwa amevaa kizibao, aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha amwone mhudumu wa afya bila kuchelewa ili ipimwe haja ya chanjo. Chanjo ya mbwa ithibitishwe kwa kadi yake ya chanjo, kwa kuwa beji ya msaidizi si kadi ya chanjo.

Saini ya mtaalamu wa afya

Biashara ya wanyama wa faraja haikukua kwa vizibao pekee. Ilikua pia kwa barua. Zipo kampuni za mtandaoni ambazo mteja hujibu maswali machache, hulipa, kisha hupokea barua yenye jina na leseni ya mtaalamu ambaye hajamtibu kamwe. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya California humtaka mtaalamu anayeandika barua ya mbwa wa faraja awe na leseni halali, awe amemtathmini mteja, na awe na uhusiano wa kitabibu naye kwa siku zisizopungua 30, isipokuwa kwa wasio na makazi. Sharti hilo linakumbusha jambo ambalo kila aliyesomea tiba alifundishwa: barua ya daktari ni matokeo ya kumchunguza mgonjwa, wala si bidhaa.

Mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki huenda asiombwe kamwe barua ya mbwa. Lakini anaijua vizuri karatasi ya kupumzika kazini, ile iitwayo ED, inayoombwa na mtu mzima wa afya aliyechoka Jumatatu. Anamjua jirani anayetaka aandikiwe ulemavu asio nao ili asamehewe malipo. Kila karatasi ya aina hiyo huonekana ndogo, nayo hutolewa kwa huruma au kwa kuona haya. Matokeo yake hayaangukii aliyeiandika. Humwangukia mgonjwa wa kweli wa mwezi ujao, ambaye mwajiri wake amekwisha kuacha kuamini karatasi za hospitali, akamwambia arudi kazini na homa yake.

Kukataa hakuhitaji ukali. Mtaalamu anaweza kumweleza anayemjia kwamba upweke wake au hofu yake ni jambo la kutibiwa, akampangia tiba na kumsikiliza, pasipo kuandika lisilo kweli. Anaweza kuandika lile alilolishuhudia: kwamba mgonjwa ana hali fulani, na kwamba kuwa na mnyama nyumbani kunamsaidia. Kuhusu mafunzo ya mbwa ambaye hajamwona akifanya kazi, hana la kuandika.

Kwa wahudumu wanaofanya kazi katika hospitali za Marekani, au wanaojiandaa kwenda, yafaa kukumbuka kwamba mbwa msaidizi huruhusiwa kufuatana na mgonjwa katika vyumba vya kusubiria, vya uchunguzi na vya kulala, na huweza kuzuiwa kuingia chumba cha upasuaji au wodi ya walioungua, mahali ambapo uwepo wake utaharibu usafi maalumu wa humo. Mbwa akiwa kazini hapapaswi, haitwi wala halishwi; anayezungumzishwa ni mgonjwa. Pasipo hakika, yale maswali mawili yaulizwe kwa adabu, na jibu lipokewe.

Kwa mgonjwa au ndugu yake anayefikiria kupata mbwa msaidizi, jambo la kuanza nalo ni kazi: ni kitu gani hasa ambacho ugonjwa unamzuia kukifanya, na je, mbwa anaweza kufunzwa kukifanya? Jibu likipatikana, atafute shule au mfunzaji atakayekubali kuonyesha kazi hiyo kwa macho, aulize mbwa akipungukiwa nani atamfunza upya, na aiandikie kampuni ya meli au ndege mapema kuhusu masharti na hati za kila bandari. Na anayempenda tu mbwa wake, bila ulemavu wowote, hana sababu ya kuona haya kwa upendo huo. Amtafutie mtunzaji mwema, amwachie jirani anayemfahamu, au achague safari ambayo mbwa wa nyumbani anakaribishwa kwa jina lake halisi. Kiti kilicho wazi chini ya meza ya mgahawa, au kisanduku kile kidogo melini, kibaki kwa mbwa ambaye pasipo yeye bwana wake hawezi kutoka nyumbani.